Mbona Tunachekana kwa Maneno ya Nyumbani?

Na mwanachama, Kidato cha 3

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Najua methali hii mmeisoma katika kila insha tangu darasa la sita, na mwalimu wetu ametuonya mara nyingi tusiifanye mlango wa kila insha. Leo naomba anisamehe. Yaliyonipata mwaka huu ndiyo yaliyonifundisha maana yake.

Shule yetu, kama mjuavyo, ni ya kutwa. Asubuhi tunakuja kwa miguu, matope yametufika vifundoni, na jioni tunarudi kwa mama zetu. Kwa hiyo kila mmoja wetu ana ndimi mbili au tatu. Ndani ya lango tunazungumza Kiswahili na Kiingereza, na tukishavuka lango tu, ni Ekegusii mpaka usiku. Wenzetu wa mabweni labda husahau ya nyumbani kwa miezi mitatu. Sisi hatuwezi, kwa sababu nyumbani ni kila siku.

Sasa hata hicho Ekegusii si kimoja. Wataalamu wa lugha wanasema kina lahaja mbili, yaani Rogoro na Maate. Rogoro ndiyo inayozungumzwa sehemu nyingi za Kisii na Nyamira, na ndiyo inayohesabiwa kuwa sanifu. Maate ni ya upande wa Tabaka na Bogirango, kule kunakochongwa yale mawe laini yanayouzwa kwa watalii. Sisi tukisema chisiripasi, wao husema chitaratara, na wote tunazungumzia ndara zile zile za miguuni. Hata paka ana majina mawili, kwani kuna wanaomwita ekemoni na kuna wanaomwita ekebusi. Paka mwenyewe hajali, mradi apewe maziwa.

Tulipokuwa kidato cha pili alikuja kijana mmoja kutoka upande wa Tabaka, akawa anakaa kwa shangazi yake hapa karibu. Siku ya pili au ya tatu mvua ilinyesha, akasema amesahau chitaratara zake chini ya dawati. Jamani, tulicheka! Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kabla ya saa sita alikuwa ameshapewa jina, na jina lenyewe lilikuwa Taratara. Nitasema ukweli hapa mbele ya walimu na wanafunzi wote. Aliyelitunga jina hilo ni mimi ninayeandika makala hii.

Mwanzoni alicheka pamoja nasi. Baadaye akanyamaza. Mwalimu akiuliza swali, anajua jibu lakini hainui mkono. Chama chetu kilipoandaa mdahalo, alikataa kusimama, na sisi tukasema ati ni mwoga. Kumbe mwoga hazaliwi, anatengenezwa. Muhula wa tatu hakurudi. Sijui kama ni karo, au ni shangazi, au ni sisi. Ninalojua ni kwamba hakuna aliyemuaga.

Mungu si Athumani, malipo yangu yalikuja mwezi wa Aprili. Magokoro, yaani nyanya yangu, aliugua tukampeleka hospitali moja. Mama alikwenda kulipa, nikabaki naye mimi. Daktari kijana akaanza kumuuliza maswali kwa Kiswahili, na magokoro akajitahidi kujibu kwa Kiswahili chake. Aliulizwa kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua ugonjwa wa sukari. Akajibu, "Baba arikuwa na sukari." Daktari akaandika kwamba baba mzazi wa mgonjwa alikuwa na ugonjwa wa sukari.

Wale mnaozungumza Ekegusii mmeshaelewa makosa yako wapi. Kwetu sisi "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Magokoro alikuwa anamsema mamake. Mimi nilijua. Lakini walikuwapo wanafunzi wawili wa uuguzi wamesimama pale, wasichana nadhifu wenye Kiswahili cha Nairobi, na walikuwa wameshaanza kutabasamu waliposikia ile "arikuwa". Niliona haya. Niliona nikifungua mdomo wangu watajua kwamba mimi pia ni wa huko huko. Nikanyamaza kama kijana wa Tabaka.

Mama aliporudi aliulizwa tena, akacheka akasema, "La, daktari, si babake, ni mamake. Kwetu sisi baba ni mama." Daktari akacheka pia, lakini kwa wema, akafuta akaandika upya. Hakuna aliyedhurika, na magokoro alirudi nyumbani baada ya siku nne. Lakini kabla ya kulala aliniita, "Momura one, wewe hukusikia nikisema baba?" Nikasema sikusikia. Huo ulikuwa uongo, na mpaka leo bado unanikereketa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndugu msomaji, hebu tujiulize. Kuna ubaya gani katika "baba" kuwa mama? Ekegusii hakina sauti ya "l", ndiyo maana wazee wetu wanasema "kura chakura" badala ya "kula chakula". Hakina "z" wala "sh", kwa hiyo shati likiingia kwetu linakuwa esati. Chai inakuwa echae na mchele unakuwa omochere. Hayo si makosa ya akili. Ni maneno yaliyopiga hodi kwenye nyumba ya watu, yakavuliwa viatu mlangoni.

Na Kiswahili chenyewe tunachojivunia, je, kimezaliwa kimoja? Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 ndio ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaanzishwa kamati ya kukisanifisha. Kabla ya hapo Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, alikuwa ameshatunga mashairi yake kwa Kimvita, na hakuna mwalimu anayethubutu kusema Muyaka hakujua Kiswahili. Mtu wa Mombasa akikuita "ndoo!" usimletee ndoo ya maji, anakwambia njoo. Sisi tunasema nyanya, kule pwani wanasema tungule. Na tena kwetu Kenya nyanya ni yule anayetuzaa mara ya pili, lakini Tanzania huyo ni bibi, na hapa kwetu ukisema bibi wengi wanaelewa mke wa mtu. Sasa anayecheka "baba" ya Ekegusii aanze kwanza kuicheka "bibi" ya Kiswahili.

Mwezi wa Desemba uliopita tulipata wageni. Binamu yangu mmoja alikuja na wazazi wake kutoka Minnesota, Marekani, ambako Wakisii wengi wamehamia, hasa pande za Minneapolis. Binti huyo amezaliwa huko huko. Salamu zilimshinda, akasema "bwakire" ilhali jua lilikuwa limeshazama. Tukajiandaa kucheka. Kisha chakula kikaletwa, akatazama sahani ya ugali akamwuliza magokoro, "Ekee iko wapi?"

Mimi sikujua ekee ni kitu gani! Nimeishi hapa miaka kumi na sita. Magokoro alifurahi hata akapiga vigelegele. Aliingia ndani akatoa kikapu kidogo kilichosukwa, cha kuwekea obokima, yaani ugali wa wimbi. Kilikuwa kimening'inia juu ya mlango wa jikoni siku zote na mimi nilidhani ni pambo. Binamu alilijua neno kwa sababu mamake, akiwa katika nchi ya theluji, humsimulia vyakula vya nyumbani kila wanapokula. Mimi niliye hapa penye kitu chenyewe sikuwahi kuuliza.

Nilipomsimulia mwalimu wetu, aliniambia kwamba jambo hili si letu peke yetu. Kati ya mwaka wa 1880 na 1924 watu zaidi ya milioni 4 walihama Italia wakaenda Marekani, wengi wao maskini wa kusini, kutoka Naples, Sicily na vijiji vya huko. Walibeba lahaja za vijijini kwao, si Kiitaliano sanifu ambacho msingi wake ni lahaja ya Florence. Mpaka leo wajukuu wao katika majimbo kama New Jersey huita nyama ya capicola "gabagool" na jibini ya mozzarella "mutzadell". Akienda Roma na maneno hayo anaweza asieleweke dukani. Wengine huwacheka ati wameharibu lugha. Lakini ni maneno ya nyanya zao, waliyoyashika mezani, na mengi yalikuwa hivyo hivyo kule kijijini kabla ya meli kung'oa nanga. Lugha nyingine yote imeyeyuka, limebaki jina la chakula. Naona jina la chakula ndilo la mwisho kufa katika familia, kwa sababu mdomo unalihitaji kila siku.

Sasa sisi tunaliua tukiwa nyumbani. Nenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii au soko la Keroka, uwasikilize vijana wa rika letu. Kila jani la kijani ni "mboga za kienyeji", basi. Magokoro hana mboga ya kienyeji, yeye ana chinsaga, rinagu, omotere, enderema, emboga na risosa, na kila moja ina njia yake ya kupikwa. Chinsaga ni chungu, huchemshwa kwa muda mrefu na kutiwa maziwa, na mama aliyejifungua hupikiwa ili apate nguvu. Niliyaandika majina hayo nikaenda nayo kwenye kamusi. Nikakuta chinsaga ni mgagani, rinagu ni mnavu, omotere ni mrenda na enderema ni nderema. Maneno manne ya Kiswahili ambayo sikuyajua! Kwa hiyo anayesema lugha ya nyumbani inaua Kiswahili, mimi namjibu kwamba magokoro amenifundisha Kiswahili kuliko kitabu nilichonacho.

Na si maneno tu, ni adabu pia. Tunalo neno chinsoni, ambalo ni heshima na haya kati ya vizazi. Ndilo linalomzuia baba kuingia nyumbani mwa mwanawe aliyeoa, na ndilo linalotuwezesha sisi wajukuu kutaniana na nyanya na babu bila kosa. Ukilitafsiri "aibu" umelipunguza nusu. Mtoto asiyelijua neno atalijuaje jambo lenyewe?

Nawasikia wenzangu mkisema, "Huyu anataka turudi kwenye ukabila." La hasha! Humu shuleni tuna wenzetu ambao si Wakisii, na upande wa Borabu tunapakana na Wakipsigis. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka wa 2007 sisi hatukuyaona, lakini wazazi wetu wanayasimulia kwa sauti ya chini. Kuzungumza Ekegusii mbele ya rafiki asiyekielewa ni utovu wa adabu, na mimi nakubali Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Pia nakubali kwamba katika mtihani "kula" na "kura" si kitu kimoja. Ukiandika "wananchi walikula kwa siri" umewafanya wezi watu waliokwenda kuchagua! Lakini kumsahihisha mtu ni tofauti na kumcheka. Anayesahihishwa hujaribu tena. Anayechekwa hufunga mdomo. Katika shule ya msingi tulivalishwa kibao shingoni kwa kusema neno la nyumbani, na sikumbuki kibao kikitufundisha Kiingereza hata kidogo. Kilitufundisha kuchunguzana. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na papo hapo inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Kama katiba imeweza kuzibeba zote mbili, mbona sisi tushindwe?

Kwa hivyo naomba chama chetu kifanye mambo matatu. Kwanza, jarida hili litenge ukurasa mmoja wa maneno ya nyumbani, Rogoro na Maate pamoja, na ya Wajaluo, Wakipsigis na wengine walio nasi, kila neno na maana yake kwa Kiswahili. Pili, kila mwanachama akienda likizo aulize mzee wa kwao maneno matano ya chakula, aje nayo. Tatu, iwe sheria ya mdahalo kwamba atakayecheka matamshi ya mwenzake atasimama yeye amalizie hoja ile. Tutaona kama ni rahisi.

Nami nimeshaanza. Nilimwendea magokoro nikamwambia kwamba siku ile hospitalini nilisikia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Najua. Kula." Kwa kweli alisema "kura", na nilikula, ugali ukiwa ndani ya ekee.

Lililobaki ni moja. Kama jarida hili litafika mikononi mwako huko Tabaka au popote ulipo, wewe kijana tuliyekupa jina la kejeli, ujue aliyelitunga anakuomba msamaha. Nimejifunza kwamba chitaratara ni neno zuri, lina sauti ya ndara zenyewe zikikimbia mvuani. Mdahalo wa muhula ujao nafasi yako ipo, upande wowote utakaopenda.

Nakomea hapo.