Na wenyewe wako wapi? Mikutano juu ya wahami itoke kwenye hoteli za kifahari

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi ndugu zetu wahami mlioko Goma, Nyiragongo, Masisi, Rutshuru na kwingineko, leo siwaletei habari za mapigano wala bei ya unga sokoni. Nawaletea habari ya kitanda. Nilikilalia mimi mwenyewe usiku tatu, kwa pesa iliyotafutwa kwa jina lenu, na sijawahi kuwaambia.

Ilikuwa mwaka 2024, kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo zikiwa bado zimejaa. Shirika moja liliniita kwenye semina. Mada ilikuwa sauti ya wahami na namna ya kuwarudisha makwao kwa heshima. Mahali pa mkutano palikuwa Nairobi. Tulivuka Grande Barrière asubuhi, tukapanda basi mpaka Kigali, kisha ndege. Jioni tulikuwa katikati ya Nairobi, ndani ya hoteli ya kifahari isiyo mbali na Moi Avenue.

Chini barabarani mji ulikuwa unachemka. Makondakta wa matatu wanaita abiria, wachuuzi wamepanga viatu na mikanda, pikipiki zinapenya kati ya magari kama zetu za Birere. Lakini nilipofunga dirisha la chumba changu, kioo kilikuwa kinene hivi kwamba sikusikia kitu tena. Niliona midomo ya watu inafunguka na kufungika tu. Usiku ule nilifikiri ni raha. Baadaye niliona kwamba kioo kile ndicho kilichoharibu kazi yetu yote.

Chumba nilikipima kwa hatua: karibu mita saba kwa tano, yaani mita za mraba 35, cha mtu mmoja. Mashirika ya misaada yana kipimo chao wanachokiita Sphere. Kipimo hicho kinasema kila mtu aliyekimbia apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa, na lita 15 za maji kwa siku. Basi chumba changu kilikuwa sehemu ya watu kumi. Bafuni kulikuwa na beseni la kuogea la kulala ndani. Likijaa linachukua kama lita 150, ni bidoni saba na nusu. Hayo nayo ni maji ya watu kumi kwa siku nzima. Mama wa Kanyaruchinya aliyepanga bidoni yake kwenye foleni tangu alfajiri anaelewa hesabu hiyo kuliko mimi.

Tulikuwa watu 22. Bei ya chumba ilikuwa dola 180 kwa usiku. Niliiuliza mwenyewe pale mapokezi. Watu 22 kwa usiku tatu ni dola 11,880, na hapo sijahesabu ndege, ukumbi, chakula, wala perdiem. Tuseme shitingi moja ni dola 20. Vyumba peke yake vilikuwa shitingi 594.

Asubuhi ya pili mama mmoja mfanyakazi alikuja kusafisha chumba. Tulisalimiana kwa Kiswahili, akaniuliza tuna mkutano wa nini. Nikamjibu: wa watu waliokimbia vita kwetu Kongo. Akasimama na shuka mkononi, akaniuliza: «Na wenyewe wako wapi?»

Nilimjibu kwamba wamebaki nyumbani. Akaitika «haya», akaendelea kutandika kitanda. Mimi nikashuka ukumbini, nikahesabu watu. Kati ya sisi 22 kulikuwa na waratibu, wataalamu, watu wa mashirika ya kiraia na waandishi wa habari. Hakuna hata mmoja aliyekuwa analala kambini.

Semina ilizaa kurasa za mapendekezo. Tuliandika kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kuwe kwa usalama, na familia zipewe taarifa mapema. Ni maneno mazuri, nayasimamia hata leo. Lakini Februari 2025, baada ya Goma kubadilisha mikono, familia za kambini ziliambiwa zina masaa 72 za kuondoka. Mlibomoa vibanda kwa mikono yenu, mkafunga miti na shitingi mgongoni, mkashika barabara. Wengine mlikuta nyumba hazina mabati wala milango. Wengine mlibaki Goma kwa ndugu, au katika kanisa lililokubali kuwapokea. Kurasa zetu hazikumfikia hata mmoja wenu. Zilibaki kwenye kompyuta za watu waliolala kwenye vyumba vya dola 180.

Sisemi semina ile ingezuia yale yaliyotokea. Hakuna karatasi ingezuia. Nasema kwamba kama tungekaa na nyinyi siku tatu zile, mngejua angalau nani wa kumpigia simu, haki yenu ni ipi mnapoambiwa muondoke, na vitambulisho vya watoto vinalindwaje njiani. Na sisi tungejua nani ana mgonjwa asiyeweza kutembea mpaka Sake, na nani shamba lake lina mtu mwingine. Mambo hayo hayapatikani nyuma ya kioo kinene.

Tabia hii ya kujadili shida yetu kwenye hoteli si ya jana. Mwaka 2002 wakubwa wa Kongo walikaa Sun City, Afrika Kusini, mahali pa hoteli na kasino, kujadili vita vilivyokuwa vinatumaliza. Mazungumzo ya serikali na M23 baada ya Goma kuanguka mwaka 2012 yalifanyika Kampala, kwenye hoteli ya Munyonyo kandokando ya ziwa. Mwisho wa mwaka 2022, vikundi vyenye silaha na mashirika ya kiraia waliitwa Nairobi, kwenye Safari Park Hotel. Na sisi tumezoea kiasi kwamba tukisikia «mkutano wa amani», tunauliza kwanza ni hoteli gani.

Kwa mazungumzo ya wapiganaji, nakubali kuna sababu. Mtu mwenye bunduki haji kukaa kwa adui yake. Anataka mahali ambapo si pa huyu wala pa yule. Ugomvi wangu uko kwenye semina za misaada. Muhami si upande wa vita. Yeye hahitaji nchi ya tatu ili aongee. Yuko pale, chini ya shitingi yake, na anaongea kila siku.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu majibu hayo nimeyatoa mimi mwenyewe.

Wa kwanza atasema: usalama. Kweli, tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye makao ya wahami upande wa Mugunga, watu wakafa, na watoto wakiwemo. Hakuna anayesahau. Lakini siku zilizofuata jeep za mashirika zilifika pale, wageni wakapiga picha, wakaandika ripoti. Kama barabara inatosha kupitisha mtu wa kupiga picha, inatosha kupitisha mtu wa kusikiliza. Na kama siku fulani kambini hapafai, Goma ina kumbi za parokia, za shule na za chuo kikuu. Mwezi wa kwanza mwaka 2008, mkutano mkubwa juu ya amani ya Kivu zote mbili ulifanyika hapahapa Goma, kwenye ULPGL, na watu zaidi ya elfu moja walikaa. Sisemi mkutano ule ulileta amani. Vita vilirudi mwaka huohuo. Nasema viti vilipatikana.

Wa pili atasema: umeme na intaneti. Ndugu, hata harusi za kwetu zina jenereta. Na katika siku tatu zile za Nairobi, intaneti nzuri ya hoteli niliona watu wakiitumia zaidi kutazama mpira.

Wa tatu atasema: hoteli nazo zinatoa kazi. Ni kweli, na yule mama aliyetandika kitanda changu anastahili mshahara wake. Lakini pesa hizi hazikuombwa kwa ajili ya kujaza vyumba. Ziliombwa na picha ya mtoto wenu juu ya mawe ya volkano. Mtu anayetaka kusaidia hoteli aende kulala huko kwa pesa yake mwenyewe.

Wa nne hatasema kwa sauti, lakini ndiye mwenye nguvu kuliko wote: perdiem. Hapa najianza mimi. Nilipokea bahasha yangu, nikatia sahihi, sikurudisha hata dola moja. Sisi waandishi wa habari wa hapa hatulipwi vizuri, wengine hawalipwi kabisa, na bahasha ya siku tatu inaweza kupita kipato cha mwezi. Ndiyo maana hamkusoma habari hii mwaka 2024. Mtu aliyekula hapendi kuelezea sahani. Nilirudi na mfuko wenye nembo ya semina, nikaandika kwamba washiriki walijadili kwa kina. Hatukujadili kwa kina. Siku ya tatu, saa nane mchana, nusu ya watu walikuwa madukani.

Mzee mmoja wa Bulengo alinikuta na mfuko ule wiki iliyofuata. Akaniambia: «Mwanangu, munatusemea, lakini hamutuiti. Siku mutatuita, tutakuwa tumeisha.» Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitapita tena. Kambi ilifungwa kabla sijapita.

Kwa nini nayasema leo? Kwa sababu sahani imekuwa ndogo. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa na mashirika waliomba dola bilioni 2.6 kwa ajili ya Kongo, hazikutimia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani, aliyekuwa mfadhili wetu mkubwa, alisimamisha misaada yake. Vituo vya afya vimepungukiwa dawa, familia zimepunguziwa chakula au zimekatiwa. Hapa Goma uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, kupata pesa mkononi imekuwa kazi. Katika hali hii kila dola inayolala hotelini ni dola iliyotoka kwenye sufuria ya mtu. Zamani tungeweza kusema ni uzembe. Sasa ni kuchagua nani ale.

Basi naomba mambo matatu, na ninayaomba kwa mashirika yote, ya nje na ya kwetu. Ya kwetu yasijifiche nyuma ya wazungu. Nimeona wenyeji wakichagua hoteli ghali kuliko mgeni aliyetoa pesa.

La kwanza, mkutano wowote juu ya wahami ufanyike mahali ambapo muhami anaweza kufika kwa miguu, au kwa pikipiki moja, na kurudi kwake kabla ya giza. Kama haiwezekani, waandaaji waeleze kwa maandishi ni kwa nini.

La pili, gharama ya mkutano ibandikwe hadharani: vyumba, ndege, chakula, perdiem. Orodha ya wanaopokea unga inasomwa mbele ya watu wote, jina kwa jina. Kwa nini orodha ya waliolala hotelini iwe siri?

La tatu, wahami wawe wengi ndani ya ukumbi, wanawake kwa wanaume, wateuliwe na wenzao, wala wasiletwe kupamba picha. Waongee wa kwanza, na wataalamu wawafuate. Na kabla mwezi haujaisha, mtu arudi kueleza kwa Kiswahili, na kwa Kinyarwanda, Kinande au Kihunde pale inapohitajika, ni nini kiliamuliwa. Karatasi ya Kifaransa iliyotumwa kwa barua pepe haijarudi kwa mtu yeyote.

Nanyi ndugu wahami, msikubali kuambiwa haya ni mambo ya wasomi. Mtu akija na kitabu cha kuandika majina yenu, mna haki ya kumuuliza majina yanaenda wapi, mkutano utafanyika mji gani, na nani kati yenu ataingia. Akisema hajui, mwambieni aende kuuliza kisha arudi. Foleni mmezizoea, yeye naye anaweza kusubiri kidogo.

Mimi nikiitwa tena, nitauliza maswali hayo kabla ya kufunga mzigo wangu, na jibu nitalisoma hapa, liwe zuri au baya. Nikikataa safari nitawaambia, nikienda nitawaambia chumba ni bei gani. Na siku mkiniona Birere na mfuko mpya wa semina begani, na sijasema kitu, nisimamisheni mbele ya watu, mniulize lile swali la mama wa Nairobi.