Waya wa Gari Si Waya wa Nyumba
Hapa mtaani Mbotela, fundi aliyefunga taa za matatu asubuhi huitwa jioni akavute stima kwenye chumba cha mabati kilichoongezwa nyuma ya nyumba ya kaunti. Naiheshimu mikono yake, lakini hapo ndipo moyo hunidunda. Katika gari, umeme hutoka kwenye betri kwa waya mmoja na kurudi kupitia bodi yenyewe. Unafunga hasi kwenye chuma, taa inawaka. Nyumbani, chuma hakipaswi kubeba umeme hata kidogo. Waya wa kijani na manjano ni wa ardhi, umewekwa kwa ajili ya siku ya hitilafu, na kuufanya njia ya kurudishia stima ni kumtegea mauti mtoto atakayeshika mlango wa mabati. Halafu kuna unene wa waya. Taa ya wati 60 huvuta ampea 5 kwenye volti 12, lakini robo ampea tu kwenye volti 240. Ndiyo maana waya wa gari huonekana mnene, na watu wakauamini hata nyumbani. Lakini mpira wake haukutengenezewa volti 240. Na hita ya kuogea ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 21: waya wa taa, ule wa milimita 1.5 za mraba, utachemka kimya kimya ndani ya ukuta. Jirani yangu, kabla fundi hajapanda ngazi, muulize leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, kisha umwombe akufungie swichi inayokata stima inapovuja, ile ya miliampea 30.