Breki ya kinu cha fyusheni baridi iko wapi?

Leo tuweke kando tovuti na hifadhidata. Nimekuwa nikisoma kuhusu vinu vidogo vinavyodaiwa kutoa nishati ya nyuklia bila lile joto la mamilioni ya digrii, yaani fyusheni baridi. Hadithi ilianza Machi 1989 huko Utah, Marekani, wanakemia Martin Fleischmann na Stanley Pons walipotangaza kwamba wamepata joto la ziada kwenye chombo chenye maji mazito na paladi. Mwaka 2011 Andrea Rossi wa Italia akaonyesha E-Cat, mtambo wa nikeli na hidrojeni. Watu hubishana kama ni kweli au uongo. Swali langu ni la mwandishi wa programu: ukiletewa kinu hicho, utakidhibiti vipi?

Jibu la haraka ni kipimajoto, hita ya umeme na programu. Programu inasoma joto, inalinganisha na kiwango unachotaka, kisha inaongeza au kupunguza umeme. Oveni hufanya hivyo. Lakini oveni ukiizima inapoa. Kinu kinachojitengenezea joto ni kama jiko la makaa: makaa yakishashika, kuzima kiberiti hakusaidii kitu. Breki ya kweli ni kupoza, joto litoke haraka kuliko linavyozalishwa. Wala usiiamini programu peke yake, maana programu hukwama. Weka fyuzi ya joto na vali ya kupunguza presha, zifanye kazi bila kuiuliza tarakilishi.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kidhibiti hichohicho ni shahidi. Tuseme kinu cha majaribio kinahitaji wati 400 ili kikae kwenye digrii 500. Kama kinu chenye nikeli kinakaa palepale kwa wati 300, basi wati 100 zimetoka kwingine. Kama vyote viwili vinakula wati 400, hakuna muujiza. Lakini gesi iwe ileile, kwa sababu hidrojeni hupitisha joto vizuri kuliko hewa. Badilisha unga tu. Na tumia mita inayoweza kupima sawasawa umeme unaokatwakatwa na kidhibiti. Mita isiyofaa itakupa wati za bure!

Watafiti waliofadhiliwa na Google walichapisha kazi yao katika jarida la Nature mwaka 2019. Hawakupata ushahidi wa fyusheni baridi, lakini walieleza walivyopima. Huo ndio uungwana.

Maoni yangu ni haya: anayetaka tuamini kinu chake atoe programu ya kidhibiti na rekodi zake zote, sekunde kwa sekunde. Asipotoa, asituombe pesa. Wewe waonaje?