"Si Hii ni Paleti Tu?" Basi Ng'oa Misumari Mwenyewe

Kuna maneno matano ambayo nikiyasikia pale Kibera Drive nakunja uso: "Si hii ni paleti tu?" Anayesema kawaida amesimama mbele ya meza iliyomalizika, ameipenda, ameshaipiga picha mara nne na kumtumia rafiki yake. Kinachofuata ni bei ya matusi. Kwa Sheng mbao ni shilingi 20, na kuna watu wanapatana na fundi ni kama hiyo ndiyo bei ya meza.

Wacha niseme bila kuzunguka. Kwa fanicha ya paleti, mbao ndiyo kitu cha bei ya chini kabisa. Unachonunua ni siku za mtu. Ukipatana kuanzia bei ya mbao, unaomba hizo siku za bure, na unamuomba mtu ambaye pengine anakushinda kwa kodi ya nyumba anayodaiwa.

Wengi wetu tunadhani paleti inafika Kibera ikiwa nusu meza, ati unaongeza miguu na vanishi basi. Jaribu kuvunja moja. Paleti ya kawaida ya Ulaya, ile ya milimita 1200 kwa 800, ina vipande 11 vya mbao, vibloku 9 na misumari 78. Na si misumari ya kawaida. Ile imetengenezwa na mistari ili isitoke, kwa sababu paleti inabebwa na mashini ikiwa na mzigo wa tani nzima na zaidi. Sasa wewe unataka itoke bila kupasua mbao.

Fundi mmoja wa Makina ambaye hupenda kumtazama akifanya kazi hatumii nguvu. Anaingiza mtaimbo kidogo, anainua upande huu kidogo, anahamia upande ule, kama mtu anayetoa mwiba kwa mguu wa mtoto. Ikikataa, anapitisha kisu cha msumeno wa chuma katikati ya mbao na bloku, anakata misumari mmoja mmoja. Bado mbao zingine zinapasuka. Zile za pembeni mara nyingi zimeliwa na maji. Ukitoa zilizooza, zilizopinda na zilizopasuka, ile paleti uliyoona kubwa imebaki rundo dogo la kubeba kwapani.

Halafu kuna kuranda. Mbao mpya unaipeleka kwa mwenye mashini, unalipa, unarudi nayo ikiwa laini. Mbao ya paleti, mwenye mashini anaiangalia kama mgeni aliyekuja na mbwa. Msumari mmoja uliofichika unaharibu kisu chake, na kisu si bei ya soda. Wengine wanakataa kabisa. Kwa hivyo fundi anakaa chini, anapapasa kila mbao kwa vidole, anatafuta vichwa vya misumari vilivyovunjika, halafu anaranda kwa mkono. Stima zikipotea huyu hajali, ameshazoea kufanya bila.

Sasa tupige hesabu. Huu ni mfano wangu tu, si bei ya fundi yeyote, kwa hivyo usiende kumwambia mtu ati nimesema. Meza ndogo ya sebuleni. Paleti mbili kwa soo tano kila moja: 1,000. Vanishi 450. Msasa 200. Gundi na skrubu 300. Mwenye mashini akikubali, 300. Mkokoteni wa kuleta zile paleti 200. Hapo ni 2,450 na hakuna mtu amekula. Mteja anasema, "Fundi, nina thao tatu, malizana na mimi." Zinabaki 550. Kazi ni ya siku mbili ukiharakisha, kwa hivyo ni 275 kwa siku. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida hapa Nairobi kuwa 16,113 na senti kadhaa kwa mwezi. Gawanya kwa siku 26, ni kama 620 kwa siku. Huyo ni mtu ambaye sheria inasema hahitaji ujuzi wowote. Fundi wako umemlipa chini ya nusu ya hiyo, na ukaondoka ukijisifu unajua kupatana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mteja huyohuyo akienda kafe fulani ya Kilimani atakalia benchi la paleti, atalipa kahawa mara tano ya bei ya chai ya kibandani, na atasema mahali pana vibe. Pale mbao ikiwa na makovu wanaiita "rastiki". Kawangware ikiwa na makovu yaleyale inaitwa taka. Tundu la msumari halijabadilika. Kilichobadilika ni taa na ukuta ulio nyuma yake.

Na si ati watu hawajui thamani ya mbao kuukuu. Enda Lamu au Watamu. Jahazi likizeeka, mbao zake hazitupwi. Zinageuzwa fremu za vioo, meza, milango, na rangi yake iliyobabuka inaachwa makusudi. Mgeni analipa zaidi kwa sababu inaonekana imezeeka. Hakuna anayeuliza, "Si hii ni mashua tu?" Huko Uholanzi, mwaka 1934, wakati uchumi wa dunia uko chini, Gerrit Rietveld alitengeneza kiti kwa mbao za makasha ya mizigo, mbao za kufungia tu, na leo viti vya aina hiyo viko makavazini. Sisemi stuli ya Gatwekera iko sawa na ya Rietveld. Zingine ziko, zingine zinayumba kama matatu ya asubuhi. Lakini wazo la kutengeneza kiti kwa mbao za mzigo lina zaidi ya miaka 90, na wenye wazo hilo waliheshimiwa.

Hapa Kibera kuna kejeli nyingine. Jina lenyewe linatokana na neno la Wanubi, kibra, maana yake msitu. Wanajeshi wa Kinubi wa King's African Rifles walipokaa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na miti. Leo mtu anakaa mahali panapoitwa msitu, akisubiri mbao zilizokatwa nchi ambayo hataiona, zilizokuja chini ya mzigo wa mtu mwingine, zikapitia Mombasa, zikafika Industrial Area, zikauzwa kwa broka, broka akamuuzia yeye. Na hata huyo broka siku hizi ana maringo. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku kukata miti kwa misitu ya umma na ya jamii, ilisema ni siku 90. Ikaongezwa, halafu ikaongezwa tena. Julai 2023 Rais akatangaza imeondolewa, kesi zikaingia kortini. Katikati ya hayo yote bei ya mbao ilipanda. Paleti ambazo mtaani nilizijua kama kuni za kupikia githeri zikawa bidhaa. Kwa hivyo hata lile neno "tu" la "paleti tu" liliisha zamani, ni wewe hukuambiwa.

Haya, sasa upande wa mteja, maana pia mimi hununua vitu. Uko na haki ya kuuliza maswali. Tafuta muhuri uliochomwa kwa mbao: alama ya suke la ngano na herufi IPPC, herufi mbili za nchi, kwa mfano KE kwa Kenya, namba, halafu herufi za dawa. HT maana yake mbao ilipashwa joto hadi ndani kabisa ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, kuua wadudu. Hiyo ni sawa. MB ni methili bromaidi, gesi ya sumu. Ukiona MB, achana nayo kwa kitu cha ndani ya nyumba, na mwambie fundi aache pia, kwa sababu yeye ndiye anayevuta vumbi lake akipiga msasa. Isipokuwa na muhuri si lazima iwe mbaya. Inaweza kuwa paleti ya hapa ambayo haijawahi kuvuka mpaka, na sheria ya muhuri ni ya mizigo ya nje. Lakini muhuri hausemi ni nini kilimwagika juu yake baadaye. Mbao ikinuka dawa au ina doa la mafuta lisiloeleweka, hapana. Na mimi singetengeneza kitanda cha mtoto mchanga kwa paleti hata ikiwa na muhuri wa malaika. Watoto wanatafuna kila kitu.

Vumbi nalo si utani. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani tangu miaka ya tisini. Tembea Naivasha Road uhesabu mafundi wenye maski. Utamaliza kwa mkono mmoja. Ukiwauliza wanakuambia maski ni pesa ya unga. Hapo ndipo ile 275 kwa siku inakula mtu kutoka ndani.

Na mafundi nao, wacha niwaguse kidogo kabla hamjanitumia hii posti mkicheka. Neno "kesho" limeharibu biashara yenu kuliko kanjo. Mtu anaacha dipoziti Jumatatu, Ijumaa simu haishikwi, Jumapili anaambiwa mbao haijakauka. Kama mbao haijakauka sema Jumatatu. Mteja aliyechomwa mara moja anapatana kwa hasira mara ya pili, na mwenzako aliye mwaminifu ndiye analipa. Andikeni karatasi, hata kama ni ya daftari: vipimo, bei, siku, dipoziti ni ngapi, kila mmoja aweke sahihi. Kama ungetaka kwenda mbali zaidi, kuna mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Si lazima uwe ulikaa darasani miaka mingi ndio ujaribu. Cheti hakirandi mbao, lakini kinamfunga mdomo yule mteja wa kusema umejifunza barabarani.

Sisi wa kamera pia tuna kesi. Video ya paleti inayopendwa ni ya sekunde 30: paleti chafu, muziki, puu, meza inang'aa na maua juu. Zile za nje ni mbaya zaidi, mtu ana gereji yake, mashini sita na sakafu safi kuliko sahani zangu. Anayetazama anamaliza akiamini kazi ni ya alasiri moja. Halafu anashuka kwa fundi wa Kawangware na hiyo saa kichwani. Ningependa tuonyeshe misumari. Weka kamera chini, acha dakika tatu nzima mtu aking'ang'ana na bloku moja. Labda haitaenda popote. Weka pia jina la biashara ya fundi na namba yake akikubali, na kama hiyo video imekuletea pesa, mpe yake. Kamera yako ilikuwa hapo dakika kumi, yeye alikuwa hapo tangu alfajiri.

Kuna msee atasema: "Soko ni soko, fundi akikataa thao tatu mwingine atakubali." Ni kweli, atakubali, kwa sababu mvua inakuja na mtoto amefukuzwa shule. Mtu kukubali akiwa amebanwa haimaanishi bei ni ya haki. Na huyo anayekubali, ndiye atakayeacha kupapasa misumari, atakayepaka vanishi mara moja badala ya mara tatu, na miezi minne baadaye utakuwa hapa ukiniambia vitu vya jua kali havidumu.

Sitaki ulipe bei ya kafe. Hata mimi sina hiyo doh. Uliza fundi, "Hii itakuchukua siku ngapi?" kabla ya kuuliza ni ngapi. Akikuambia, zidisha mwenyewe kichwani. Kama huwezi, agiza kitu kidogo. Stuli moja iliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko seti nzima ya aibu.

Jumamosi hii mimi niko Kawangware, upande wa Naivasha Road, kuna rafu ya vitabu nimeagiza na siku yake imefika. Ukitaka kuja, kuja mapema, maana kuanzia saa tano kelele za mashini hazikuruhusu kuongea na mtu. Na beba ya mkokoteni kando. Hiyo si ya fundi kukulipia.