Mwenye Kimea Ndiye Mwenye Bia

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kuwaeleza wanachama wenzangu jambo ambalo, kwa fikira zangu, latuhusu sisi makarani kuliko tunavyodhani. Najua wako watakaosema kwamba habari za pombe si habari za watu wa kalamu. Tena katika milima yetu ya Upare wako Waadventista na Waislamu, na wengine wengi, wasioionja kabisa. Nawaheshimu wote hao, wala siandiki ili kumshawishi mtu anywe. Naandika juu ya haki katika biashara, na haki ni ya anywaye na asiyekunywa.

Neno langu ni hili: ashikaye vitu vya kupikia bia ndiye mwenye bia, ijapokuwa jina lililo juu ya chupa ni la mtu mwingine. Sisi wa Maore hatuna haja ya mwalimu wa mbali katika jambo hili, maana twalijua kwa maji. Huko milimani wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku, yafunguliwe mchana na kuteremka kwa mifereji hata mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Mtu aweza kuwa na jembe zuri na shamba jema na nguvu za kulima. Asipopata zamu, hana mahindi. Ndiyo maana ndiva ina wasimamizi na desturi zake, na avunjaye desturi hutozwa. Kama mlango wa ndiva ungekabidhiwa mtu mmoja mwenye shamba kubwa kule chini, aufungue apendapo na kuufunga apendapo, majirani wangekuwa wakulima kwa jina tu.

Sasa tuitazame bia. Bia ya chupa hupikwa kwa maji, kimea cha shayiri, hamira, na hopi, yaani maua ya mmea utambaao ambayo huitia bia uchungu na harufu yake. Maji hupatikana. Lakini shayiri sharti ilowekwe, iachwe iote, kisha ikaushwe kwa moto wa kiasi ndipo iwe kimea. Na kuifanya kazi hiyo kwa wingi kwataka kiwanda chenye gharama kubwa. Hopi nayo hutaka siku ndefu za jua wakati wa kukua, kwa hivyo haistawi vema katika nchi zilizo karibu na ikweta. Katika bara letu, mashamba yake yanayojulikana sana yako karibu na mji wa George, Afrika ya Kusini.

Mashamba hayo ya George yalikuwa chini ya kampuni ya bia ya South African Breweries, iliyokuja kuwa sehemu ya SABMiller. Mwezi wa Oktoba 2016 kampuni ya AB InBev ya Ubelgiji iliinunua SABMiller kwa zaidi ya dola bilioni 100, nayo mashamba ya hopi yakaingia mkononi mwake. Mwaka uliofuata, 2017, wapika bia wadogo wa Marekani waliokuwa wakizitamani hopi za Afrika ya Kusini kwa sababu ya harufu yake ya pekee waliambiwa kwamba hakuna zitakazouzwa kwao. Kampuni ilijibu kwamba mavuno yalikuwa machache, na kwamba mahitaji ya Afrika ya Kusini yatangulie. Huenda jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa. Lakini hata likiwa la kweli, tazameni ni nani aliyekuwa na amri ya kusema nani apate na nani akose: ni yule yule anayeshindana nao sokoni. Katika mwaka ule ule wa 2016, tawi moja la kampuni hiyo lilikuwa limelinunua duka la Northern Brewer huko Marekani, ambalo watu wapikao bia nyumbani kwao hununua humo kimea, hopi na vyombo.

Msomaji wa Same ataniuliza: George na Marekani zatuhusu nini? Zatuhusu, kwa kuwa ununuzi ule wa 2016 ulifika hata kwetu. Serikali yetu ilipoleta mshirika katika kampuni ya bia ya TBL mwaka 1993, mshirika huyo alikuwa South African Breweries. Na SABMiller ilipouzwa, hisa zake za TBL zilikwenda pamoja nayo. Tena TBL ilikuwa na kiwanda chake cha kimea pale Moshi, katika mkoa wetu wenyewe, kikipokea shayiri ya wakulima wa kaskazini. Nchini Kenya mambo ni ya namna ile ile: kampuni ya kimea ya East African Maltings ni mtoto wa East African Breweries. Basi kijana wa Arusha au wa Nairobi atakaye kupika bia kwa mapipa machache ana njia mbili. Ama akanunue kimea kwa jamaa ya yule anayeshindana naye, ama akilete kutoka ng'ambo, alipe meli, alipe ushuru, angoje miezi. Kisha watu humlaumu kwamba bia yake ni ghali!

Wala tusidhani kwamba wakubwa hupigana sikuzote mpaka bei ishuke kwa faida yetu. Mwaka 2002 East African Breweries na SABMiller, baada ya kushindana kwa miaka kadha, walipatana. Kila mmoja alichukua sehemu ya hisa katika kampuni ya mwenziwe, kiwanda cha Castle huko Thika kikafungwa, na Kibo Breweries ya Moshi ikaacha kupika. Mapatano hayo yalikuja kuvunjwa baadaye, na leo Serengeti iko sokoni pamoja na TBL. Lakini somo lake halikufutika: wanunuzi wawili waweza kuwa mmoja kwa kutia sahihi katika karatasi, na mkulima asiulizwe.

Mkulima naye yuko katika habari hii. Shayiri ya bia hupimwa uotaji wake na kiasi cha protini iliyo ndani yake. Ikikataliwa, huuzwa kwa chakula cha wanyama kwa bei ya chini. Apimaye ni mnunuzi, mizani ni ya mnunuzi, na kama hakuna mnunuzi wa pili mkulima hana mlango mwingine wa kubisha. Walioiona hatari ya mlango mmoja ni wakulima wa mtama wa Kenya. Tangu 2004 serikali yao ilipunguza ushuru wa bia ya Senator, bia ya bei nafuu ya pipa, na kwa ajili yake watu wengi walihimizwa kulima mtama. Mwaka 2013 ushuru ulirudishwa kwa kadiri ya nusu, bia ile ikaporomoka sokoni, na wakulima wakabaki na mtama wao ghalani. Unafuu ulirejeshwa kwa sehemu kubwa mwaka 2015, lakini tumbo halingoji miaka miwili.

Yafaa niwatendee haki wenye viwanda. Bia yao ni safi, kodi yao ni kubwa, na mara nyingine huleta mbegu na soko mahali ambapo hapakuwa na soko. Huko Uganda, kiwanda cha Nile kilipoanza kupika bia ya Eagle kwa mtama mwaka 2002, wakulima wengi walipata fedha ambazo hawakuzipata kabla yake. Sikatai mema hayo. Nasema tu kwamba mema yatolewayo na mkono mmoja yaweza kuondolewa na mkono huo huo, na kwamba haifai nchi kuuacha mlango wa ndiva bila msimamizi.

Tena, ndugu zangu, kuwabana wapika pombe wadogo hakukuanza na makampuni. Kulianza na kalamu. Mji wa Durban, kwa sheria ya Natal ya 1908, ulijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika. Wanawake waliokuwa wakipika majumbani mwao wakawa wahalifu, na faida ikaingia katika sanduku la mji. Nairobi iliufuata mfano huo katika miaka ya 1920, pale Pumwani. Wanawake wa Durban hawakunyamaza, na mwaka 1959 waliyavamia majumba ya pombe ya mji ule. Lakini tufikiri: ni nani waliozinakili sheria zile, wakaandika leseni, wakazihesabu faini? Ni makarani, watu kama sisi.

Basi nije kwetu Maore. Pombe ya jadi ya Wapare ni dengelua, yaani pombe ya miwa. Miwa hukamuliwa na maji yake huachwa yachachuke. Mpikaji wa dengelua hana hopi ya kuagiza wala kimea cha kuomba kwa mtu. Miwa ni yake au ya jirani yake, nayo yaota palipo na maji. Huo ndio utajiri wake, ingawa hauonekani katika vitabu vya hesabu: hakuna mtu awezaye kumfungia mlango. Pale Arusha kampuni ya Banana Investments, iliyoanza mwaka 1993, ilitumia hekima hiyo hiyo ilipochagua kutengeneza divai ya ndizi, kitu ambacho kimeiva mgombani kwa majirani zake na hakikungoja meli.

Lakini uhuru huo waweza kupotea kwa njia tatu, na zote tatu hupita mezani petu. Njia ya kwanza ni leseni yenye ada moja kwa mwenye mtungi mmoja na kwa mwenye ghala. Ya pili ni kanuni ya usafi iliyonakiliwa kutoka kiwanda kikubwa, itakayo mabomba ya chuma mahali ambapo maji yaliyochemshwa na chombo safi vingetosha. Ya tatu ni mkataba wa mazao ambao mkulima ameutia dole gumba bila kusomewa, nao wamkataza kumwuzia mtu mwingine hata debe moja.

Kwa hiyo naleta mashauri manne mbele ya Chama chetu. Kwanza, kabla ya kanuni yo yote ya pombe kuandikwa katika wilaya, waitwe wapikaji wenyewe waulizwe. Wapare walikwenda Same kwa maelfu mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru, na sehemu kubwa ya uchungu wao ilikuwa kwamba jambo lilikwisha pangwa juu yao bila wao. Pili, kila tawi letu litoe karani mmoja, siku moja katika mwezi, awasomee wakulima mikataba yao kwa lugha waielewayo: nani apima, nani aweka daraja, fedha hulipwa lini, na je, yaruhusiwa kumwuzia mwingine. Tatu, vyama vya ushirika vishauriwe kutengeneza kimea chao wenyewe cha ulezi na mtama, kazi ambayo mama zetu waijua tangu zamani kwa maji, majani na jua, ili mpika bia mdogo apate mahali pa kununua pasipo kumpigia magoti mshindani wake. Nne, tujifunze Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo yakataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya, na tuwasaidie wadogo kuandika malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Serengeti ilipoona inaonewa na TBL ilikuwa na mawakili wa kuifikisha mbele ya Tume. Mpikaji wa Maore hana wakili, ana karani.

Asiseme mtu kwamba wakubwa hawawezi kuwekewa masharti. Ununuzi ule wa 2016 ulipopitishwa huko Afrika ya Kusini, Baraza la Ushindani la nchi ile lilitaka randi bilioni 1 zitengwe kwa ajili ya wakulima na wafanya biashara wadogo. Tena lilitaka kwamba, palipo na majokofu ya kampuni peke yake, mwenye duka aweze kuwapa wapika bia wadogo nafasi ya sehemu moja katika kumi. Marekani nayo ilikataza kampuni ile isiwabane wasambazaji wakaacha kuuza bia za wengine. Masharti hayo yaliandikwa na watu wenye karatasi na wino, kama sisi, baada ya wengine kulalamika kwa maandishi.

Nawaomba basi wanachama wa Same, Mwanga, Moshi na kwingineko wayajadili mashauri haya katika mikutano yao ya matawi, na watuletee majibu yao katika gazeti hili, hata kama ni ya kunipinga. Leseni itakayopita mezani pako kesho, ndugu, isome mara mbili kabla ya kugonga muhuri.

Ni mimi ndugu yenu katika Chama,
KARANI WA MAORE