KWA WAZAZI: Mtoto Mwepesi Asiachwe Peke Yake



Juma hili nataka tuzungumze habari za mtoto ambaye kwa kawaida hatumzungumzi, maana twadhani hana shida. Ni yule mwepesi wa kuelewa. Mzito tunamhangaikia, mtoro tunamfuata, mgonjwa tunampeleka zahanati. Lakini mwepesi tunasema, "Huyu atajisomea mwenyewe." Kumbe hapo ndipo tunapompoteza.

Miaka kadhaa iliyopita, upande wa Nachingwea, mama mmoja alinijia nyumbani. Akasema, "Mwalimu, binti yangu ameharibika. Shule ya msingi alikuwa wa kwanza kila muhula. Sasa yuko kidato cha pili, amekuwa wa thelathini na kitu, tena ni mzembe."

Nikamwomba amlete. Binti akaniamkia, akakaa, akatazama chini. Nikamwuliza taratibu, ikawa kama kufungua kizibo.

"Mwalimu, hesabu nilikuwa namaliza mapema. Nikimaliza, naambiwa nikae kimya niwasubiri wenzangu. Siku nyingine natumwa maji. Basi siku hizi simalizi."

Neno hilo lilinichoma. "Basi siku hizi simalizi." Mtoto huyu hakuwa ameharibika, alikuwa na njaa. Akili yake ilitaka chakula kigumu, nasi tulimpa uji uleule kila siku.

Nikamwuliza na masomo mengine. Akasema, "Mwalimu akieleza kwa Kiswahili naelewa. Lakini kwenye mtihani sijui swali linauliza nini." Hilo nalo wazazi tulifahamu. Katika shule zetu za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili miaka yote. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa taa ya darasa anaonekana kama mjinga, na mwenyewe anaanza kuamini hivyo. Akili haikumtoka, ila mlango umebadilishwa na ufunguo hajapewa.

Tazameni tunavyofanya kwa mpira. Kijana wa Ruangwa akipiga chenga vizuri, kijiji kizima kinajua. Huyu anamtafutia viatu, yule anamlipia nauli ya kwenda kwenye mashindano, na wazee wanasema huyu atachezea Namungo. Hakuna asemaye kwamba kumsaidia ni upendeleo. Lakini msichana anayejumlisha kilo na bei kichwani, pale mizani ya chama cha ushirika, kabla karani hajamaliza kuandika, nani anamtazama? Kipaji cha mguu kinapiga kelele. Kipaji cha kichwa hukaa kimya.

Wengine watasema, "Mwalimu ana wanafunzi wengi, awahudumie kwanza walio nyuma." Ni kweli, walio nyuma wasiachwe. Lakini ninyi ni wakulima wa korosho, mnajua. Mkorosho wenye maua mengi hauachwi bila salfa ati kwa kuwa umestawi. Ubwiriunga ukiingia, maua yote yanakauka, na mkulima hapati kitu. Mti mzuri nao hutunzwa.

Twajua pia kwamba serikali ina shule za vipaji maalumu: Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Kibaha, Msalato, na zile za wavulana na za wasichana za Tabora. Huchukua watoto waliofanya vizuri sana darasa la saba. Lakini nafasi zake ni chache, na zote ziko mbali na kwetu. Watoto wengi wenye akili kali wa Nachingwea na Ruangwa wamo katika sekondari za kata, wanakwenda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Kama hawatasaidiwa hapo, hawatasaidiwa popote.

Basi tufanyeje?

Kwanza, walimu. Mtoto akimaliza maswali kumi, asipewe mengine kumi ya namna ileile. Hiyo ni adhabu. Apewe moja gumu, la kumfanya akune kichwa hadi kesho. Karatasi za mitihani ya taifa ya miaka iliyopita zafaa sana kwa kazi hii. Tena awaeleze wenzake, maana anayefundisha hujifunza mara mbili. Ila asigeuzwe mwalimu wa darasa hata akakosa wakati wake. Na mwalimu wa Kiingereza ampe kitabu chepesi cha kusoma nyumbani, akimaliza apewe kingine.

Pili, wazazi. Hamhitaji kujua hesabu wala Kiingereza. Mwulizeni mtoto jioni, "Leo umejifunza nini? Hebu nieleze." Akiweza kukueleza wewe, ameelewa. Mpeni taa na saa moja isiyo na kutumwa. Wala msimsifu kupita kiasi mbele ya ndugu zake, akaota kiburi nao wakamchukia. Sifieni bidii yake.

Tatu, msimu. Korosho zinaanguka tangu Oktoba, na wakati huohuo kidato cha pili na cha nne wako karibu na mitihani ya taifa au wamo ndani yake. Najua mikono ya watoto inahitajika shambani. Lakini mtoto wa mtihani aokote Jumamosi, siku za shule aende shule. Hali kadhalika jando na unyago: wakati wake ni likizo, visile siku za masomo. Na binti akipata mimba, msiseme mambo yamekwisha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Akili yake bado ni ileile.

Nne, fedha. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini ada si yote. Mtoto akichaguliwa kwenda kidato cha tano mkoa mwingine, itakuja karatasi yenye orodha ndefu: nauli, godoro, tranka, shuka, sare, madaftari. Wapo waliofaulu wakabaki nyumbani kwa ajili ya godoro. Mnada wa kwanza wa RUNALI ukilipa, wekeni kidogo pembeni kabla ya kununua bati au simu. Na kwa atakayefika mbali katika sayansi, tangu 2022 kuna ufadhili wa serikali uitwao Samia Scholarship, kwa waliofanya vizuri sana kidato cha sita. Mwambieni mapema, apate la kulenga.

Msidhani haya ni makubwa mno kwa watoto wa kusini. Benjamin Mkapa alizaliwa mwaka 1938 kijijini Lupaso, hapo jirani Masasi. Akasoma Ndanda, akaenda Pugu, akafika Makerere, na mwaka 1995 akawa Rais wa nchi. Alianzia darasa la kijijini kama watoto wenu.

Na yule binti? Mwalimu wake wa hesabu, tulipomweleza, hakukasirika. Akaanza kumpa maswali matano magumu kila Ijumaa, na Jumatatu wanayapitia dakika kumi wakati wa mapumziko. Ni dakika kumi tu. Mama naye akaacha kumwita mzembe. Muhula haujaisha, binti akawa anamaliza tena.

Basi leo jioni, baada ya chakula, mwite mtoto wako yule usiyemhangaikia. Mwulize, "Mwanangu, shuleni ukimaliza kazi yako, huwa unafanya nini?" Akikujibu, "Nakaa tu," kesho asubuhi nenda ukamwone mwalimu.

Tukutane juma lijalo.