MAONI YETU: MWEZI WA JUNI TUITEMBEE NCHI YETU WENYEWE

Masika yamekwisha. Njia zimekauka, upepo wa kusi umeshika pwani, baridi ya kipupwe imeshuka milimani, na shule zimekaribia kufungwa. Huko Ulaya majira ya joto ndiyo kwanza yanaingia, na kila mwenye likizo anafunga mizigo yake. Wengi wao watatua hapa kwetu. Watapelekwa Serengeti, na Ngorongoro, na Kilimanjaro, kisha Unguja kuota jua, halafu watarudi makwao. Hatuna ugomvi nao. Waja na fedha, nao wafuata njia waliyoonyeshwa. Ugomvi wetu leo ni na sisi wenyewe.

Vijana wa matawi kadhaa wametuletea habari kwamba wamechanga fedha kwa ajili ya safari ya mwezi wa Juni. Jambo jema. Tumeziona orodha tatu za mahali wanapotaka kwenda, na zote tatu zafanana kama zimenakiliwa kwa mtu mmoja: jiji kubwa, ufuko wa jiji kubwa, na maduka ya jiji kubwa. Twauliza: je, nchi hii ina mji mmoja tu?

Wako watakaosema ati kutembea kwa kutazama ni mambo ya Wazungu, na kwamba Mwafrika husafiri akiwa na msiba, arusi au shauri. Twalijibu neno hili kwa sababu tumelisikia hata ndani ya Chama. Babu zetu waliijua nchi hii kwa miguu, kutoka pwani mpaka maziwa makuu. Lakini wengi wao walitembea kwa amri ya wengine. Walitembea wakiwa wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani. Walitembea wakiwa mateka, shingo zimefungwa, kuelekea Kilwa Kivinje na Bagamoyo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 walibebeshwa mizigo ya majeshi mawili yaliyogombea nchi isiyokuwa ya lolote kati yao. Baadaye wakaitwa manamba, wakapelekwa mashamba ya mkonge. Mtu aliyesafirishwa namna hiyo hakuwa na nafasi ya kusimama akatazama mlima. Sisi tunayo. Kuiacha bure ni hasara.

Basi, kama tungeulizwa wapi, tungesema Kilwa, wala tusingeona haya kuirudia mara mbili.

Lakini yatupasa kuungama kwanza. Sisi tunaoandika safu hii tumepitia chuo cha ualimu, na tulisomesha habari za Kilwa kwa miaka mitatu kabla ya kuikanyaga. Tuliichora ramani ubaoni, kisiwa tukakitia mahali pasipo pake, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetusahihisha, maana hapana aliyekuwa amefika. Tulijua tarehe ambayo Mreno alikuja. Hatukujua kwamba kutoka bandari ya Kilwa Masoko mtu anakiona kisiwa kwa macho yake, na kwamba mashua inavuka kabla chai haijapoa.

Toka Dar es Salaam mpaka Masoko ni kiasi cha kilomita 300. Zamani Mto Rufiji ulikuwa kikwazo kikubwa, msafiri akangoja kivuko siku nzima, na masika yakija njia ikafa kabisa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu hapo udhuru wa barabara umepungua. Haukwisha: mvua na tufani la Hidaya la Mei 2024 zilikata barabara pale Somanga, na watu wa kusini wakakaa wametengwa. Ndiyo sababu twasema Juni, wala si Aprili.

Ukishuka kisiwani utaona msikiti mkuu, ulioanzwa kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, wenye nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Ni miongoni mwa misikiti mikongwe iliyobaki imesimama katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ukienda mbele utafika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali linalotazama bahari, na birika lake la kuogea lenye pande nane. Ibn Battuta, msafiri yule wa Morocco aliyekuwa ameiona nusu ya dunia, alifika Kilwa mwaka 1331 katika enzi ya sultani huyo huyo, akausifu mji kwa uzuri wake. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, na sarafu ya al-Hasan imeonekana Great Zimbabwe, mbali bara. Na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, huko Australia. Namna zilivyofika Australia wataalamu wangali wanashindana. Sisi tulipousikia mkasa huo tulisimama kimya kidogo, tukawakumbuka wale waliotuambia darasani kwamba kabla ya meli za Ulaya mtu wa pwani hii alikuwa akivua samaki tu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alidai kodi kwa vitisho vya mizinga. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, akauteka mji na kuupora, akajenga ngome. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka, lakini biashara ilikuwa imekwisha kuvunjika. Jengo liitwalo Gereza, ambalo Waarabu wa Omani walilijenga upya baadaye, ndilo la kwanza analoliona mtu akikaribia kwa mashua. Watalii hulipiga picha, wakafikiri hilo ndilo Kilwa. Msifanye hivyo. Lipiteni, mwende msikitini kwanza.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya jirani yake Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikianguka na bahari ikila ufuko. Kazi ilifanyika, mikoko ikapandwa, kuta zikatiwa nguvu, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha ile ya hatari. Bahari lakini haisomi orodha. Mwenye kutaka kuwaonyesha wanawe asikawie.

Tuseme na habari ya watu. Kisiwa si makumbusho tupu. Wako wenyeji, wavuvi na wakulima, nyumba zao zimo kati ya magofu, na watoto wao huchezea penye kuta za masultani. Tulipopita, tulimkuta mzee ameketi kivulini anashona wavu. Tukamwamkia, shikamoo mzee. Akaitikia, marahaba wanangu, kisha akauliza, mmetumwa na nani? Tukasema hatukutumwa na mtu, tumekuja kutazama. Akatuangalia mmoja mmoja. Akasema wageni kutoka nje huja na kamera, na watu wa nchi hii huja na mafaili. Mtu wa hapa hapa aliyekuja kutazama tu, hakumbuki vizuri ni lini alimwona. Halafu akauacha wavu wake, akatuonyesha kisima ambacho hakimo katika kijitabu chochote tulichokuwa nacho.

Ndugu, maneno hayo yalituchoma kuliko hotuba. Chama chetu kimefanya mikutano mingapi, na katika kumbi za kukodi za miji ipi? Tumewahubiria vijana kuipenda nchi yao, halafu tukawafungia chumbani wenye feni ili tuwahubirie hivyo.

Toka Masoko msirudi moja kwa moja. Mwendo mfupi kwa gari kuelekea kaskazini iko Kilwa Kivinje, mji uliokuwa soko kubwa la watumwa katika karne ya 19, na baadaye boma la Wajerumani. Nyumba zake za mawe zinabomoka taratibu, milango ya kuchonga ingalipo hapa na pale. Hapo ndipo Hassan bin Omari Makunganya aliponyongwa na Wajerumani mwaka 1895 kwa kukataa kutawaliwa, na mahali penyewe huitwa Mwembe Kinyonga hata leo. Nyuma yake, bara, kuna vilima vya Wamatumbi, na kijiji cha Nandete, ambako Julai 1905 watu waling'oa pamba ya kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, siku chache tu baada ya moto kuwaka, na moto haukuzimika kwa kifo chake. Kijana akisimama Nandete hahitaji mwalimu wa siasa.

Wasioweza kwenda kusini wasikae bure. Walio Dodoma na Singida wana Kolo, katika wilaya ya Kondoa, karibu na barabara kuu ya kwenda Babati. Humo katika majabali mna michoro ya kale ya rangi nyekundu, watu warefu na wanyama, katika mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150. Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kuinakili mwaka 1951, na Urithi wa Dunia ikaipokea mwaka 2006. Wenyeji wangali wanafanya matambiko katika baadhi ya mapango hayo. Kwa hiyo mkiingia, ingieni kama watu wanaoingia nyumba ya mwenzao. Wala pasiwe na mtu wa kumwagia mchoro maji ili picha yake itoke vizuri, maana rangi iliyodumu zama na zama yaweza kuharibiwa na mpumbavu mmoja mwenye chupa.

Walio Tanga wanayo Amani, katika Usambara ya mashariki, juu ya Muheza. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha kuchunguza mimea, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia ili wajue ipi italeta faida katika koloni lao. Miti mingine ingalipo. Lakini kioja cha Amani ni kiua kidogo cha zambarau kiotacho kwenye miamba yenye unyevu. Mwaka 1892 mkuu wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kiua hicho kwao, wakakipa jina lake, na leo kimo madirishani katika nyumba nyingi sana za Ulaya na Marekani. Bibi wa huko anakimwagilia kila asubuhi. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima ule, ni wangapi tumekiona? Chukueni masweta, Juni ya Usambara haina mzaha.

Walio Rukwa wana maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji yanaanguka mita zaidi ya 200 kwa mruko mmoja. Mwanzo wa kiangazi mto ungali na nguvu; ukingoja Oktoba utaona uzi. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, yamekutwa magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu kiasi cha miaka 476,000 iliyopita. Seremala wa kale kuliko huyo bado hajajulikana popote duniani.

Na tuseme pia mahali pa kutokwenda mwezi huu, kwa kuwa tumeona watu wakipoteza nauli. Kitulo, ile iitwayo Bustani ya Mungu, huchanua wakati wa mvua. Juni mtakuta nyasi na baridi. Mafia ni njema, lakini aendaye kumtafuta papa potwe angoje Oktoba hadi Machi, na kusi la Juni halimchekei mtu asiyezoea bahari.

Fedha je? Hapo ndipo shauri huvunjika. Hatusemi ni bure. Twasema tawi likichanga kidogo kidogo tangu mavuno, likakodi basi moja badala ya kila mtu kusafiri kivyake, likajipikia, na kulala katika nyumba za wageni za kawaida, litatumia chini ya lile litakalokwenda jijini na kurudi na mashati. Katika mbuga na hifadhi kiingilio cha mwananchi ni kidogo mno ukikilinganisha na cha mgeni, na wengi wetu hatujui kwa sababu hatujawahi kufika mlangoni. Fedha itakayobaki na ibaki kwa mwenye mashua, mwenye kuongoza njia, na mama muuza wali. Msimpunje mwongozaji ati kwa kuwa ni ndugu yenu. Mgeni hamlipi kwa udugu, na watoto wake hawali udugu.

Matawi yatakayokwenda Kilwa yatuandikie kabla ya mwisho wa Mei, ili wawili wanaokwenda wiki moja wakodi mashua pamoja. Kibali cha kuingia magofuni huchukuliwa Masoko, kabla ya kuvuka. Ondokeni asubuhi na mapema, kusi halijapanda, na maji ya kunywa myachukue huku bara. Na mkimkuta mzee anashona wavu chini ya mti, mwambieni hamkutumwa na mtu.